Kuunga PC kwa hela ya madafu, kwa nyie mnaoanza

Vijana wengi wanaonijia hapa Ngamiani, Tanga, wakitaka kuunga kompyuta ya mezani swali lao la kwanza ni lilelile, "bro prosesa gani kali?" (prosesa ndo ubongo wa mashine), na mimi kabla sijajibu nauliza unaenda kufanyia nini na mkononi umebaki na shilingi ngapi ukishatoa hela ya monita, kibodi, mausi na UPS (kile kiboksi cha betri kinachoshika umeme ukikatika), maana hivo ndo vinasahaulika kwenye hesabu alafu mtu anabaki na boksi zuri halina pa kuonyeshea picha.

Mimi nnavyoenda ni hivi: vitu ambavyo kuvibadilisha baadae lazima ubomoe mashine nzima, yaani mazabodi (bodi kubwa ambayo kila kitu kinachomekwa) na pawa saplai (inayogawa umeme ndani), nunua vizuri toka mwanzo. Vile vya kuchomeka na kuchomoa kama RAM (kumbukumbu ya muda mashine ikiwa kazini), SSD (inayohifadhi mafaili na Windows) na kadi ya grafiki (inayotengeneza picha) anza na vya kutosha tu, utaongeza ukipata.

Tuanze na pawa saplai kwa sababu ndo inayodharauliwa kuliko zote. Mjini kuna makava yanauzwa yakiwa tayari na pawa saplai ndani, nyepesi kama boksi tupu, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, na zile wallahi ni waja leo waondoka leo, tena ikiondoka inaweza kuondoka na mazabodi. Usisome hiyo namba kubwa. Geuza usome kibandiko, tafuta mstari wa 12V uone ampia ngapi, zidisha. Ukikuta 12V 18A hiyo ni wati 216 kwenye laini ya 12V, na prosesa na kadi ya grafiki vinakula hukohuko kwenye 12V, sasa hiyo 500 imetoka wapi? Alama ya 80 Plus nayo inakwambia umeme unapotea kidogo tu, haikwambii kama imetengenezwa imara, kwa hiyo usiishie kwenye alama. Mashine ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki haimalizi hata wati 200, kwa hiyo 450W ya kweli kutoka kampuni inayojulikana inakutosha na inakuachia nafasi ya kuweka kadi ya kawaida huko mbele.

UPS usiifanye ya baadae. Ya 650VA haitakufanya ucheze gemu gizani, kazi yake ni kukupa dakika chache useivu na uzime vizuri, na umeme ukirudi na kishindo kipigo kianzie kwake.

Prosesa sasa. Hapa kuna herufi moja mwishoni inayowatesa watu. Kijana mmoja wa Makorora alileta mashine kaunga mwenyewe, feni zinazunguka, taa za kibodi zinawaka, monita nyeusi tii, na alishaambiwa na mtu kuwa mazabodi imekufa. Nikamuuliza prosesa gani, akasema Ryzen 5 5600. Basi, hakuna kilichokufa. 5600 haina grafiki ndani, inayo 5600G, na hakuwa na kadi, kwa hiyo picha ingetoka wapi hata ungechomeka HDMI mpaka kesho? Kwa Intel ni hivohivo, i3-12100 ina grafiki, i3-12100F haina. Kama hununui kadi sasa hivi, kwenye hizi kaa mbali na F, na kwa AMD (ndo wenye Ryzen) ya soketi ya AM4 tafuta yenye G.

Alafu acheni kuniletea habari za "hii ni i7". i7 ya mwaka gani? i7-4790 ya 2014 inapigwa asubuhi na mapema na i3-12100 ya 2022. Soma namba zinazofuata.

Kwa bajeti ya wengi wetu naona njia ni mbili, AM4 ya AMD na 5600G (kori 6, wati 65, inakuja na feni yake), au soketi ya LGA1700 ya Intel na hiyo i3-12100. Zote unaweza kutumia RAM ya kizazi cha DDR4, ila kwa LGA1700 angalia vizuri maana kuna mazabodi za DDR4 na kuna za DDR5 na RAM haziingiliani, kikato chenyewe hakiko sehemu moja. AM5, soketi mpya ya AMD, ni DDR5 tu, nzuri, ina maisha marefu mbele, ila inapandisha bajeti. Na RAM bei yake ilichanganya watu mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia seva za AI, kwa hiyo usipige hesabu kwa bei uliyosikia mwaka juzi, piga simu siku hiyohiyo. Ukienda njia ya 5600G nunua vipande viwili vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB, kwa sababu grafiki ya ndani inaazima RAM, na vikiwa viwili njia ya kupita inakuwa pana mara mbili, kwenye gemu utaiona kwa macho. Mazabodi ya B450 yenyewe muulize muuzaji kama bayosi (programu ya ndani ya mazabodi inayoamsha mashine) imeshapandishwa, 5600G haiwaki kwenye bayosi ya zamani.

SSD sina maneno mengi. Usiweke Windows kwenye hadi disiki. Ya SATA, aina ya zamani, inaishia kama 550MB kwa sekunde, NVMe, aina ya kasi zaidi, ile ya kawaida ya PCIe 3.0 inafika 3,500, ila kwa kazi za ofisi tofauti utaisikia kidogo tu, chukua yenye bei nzuri ya 500GB.

Na wewe ambaye kazi yako ni Word, Excel na kuprinti pale stationari, usiunge chochote. Tafuta mtumba wa ofisi, OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP yenye i5-8500, inaingia Windows 11 kihalali, maana Windows 10 ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Intel za chini ya kizazi cha 8, karibu zote, hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Ila ujue hizo Dell nyingi pawa saplai yake na plagi zake ni za kwake mwenyewe, siku ikifa huchomeki ya dukani tu, na vile vidogo vyembamba kadi inayoingia ni fupi isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni.

Mzigo mwingi tunautoa Kariakoo unakuja na basi. Kama uko dukani mwenyewe, kabla hujatoa hela washa tochi ya simu umulike soketi ya Intel, pini ziko kwenye mazabodi na ziwe zimelala safu moja, moja ikimeta tofauti na wenzake imepinda, iache. Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, igeuze. Risiti iandikwe serial namba, sio "komputa 1".

Ukifika nyumbani usikimbilie kufunga kwenye kava, unga kwanza juu ya boksi la mazabodi, prosesa, feni, RAM, waya, uone picha. Kama nafasi za RAM ziko nne, vipande viwili kwa kawaida vinakaa ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Ikishawaka ingia bayosi uwashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili), maana RAM ya 3200 mara nyingi inaamka ikikimbia 2133 au 2666, na mashine haitakwambia.