Usajili ni kitu kimoja, waliomo ndani ni kingine
Dada, umeuliza kama umwachie mwanao wa mwaka mmoja na nusu yule mama wa Mbagala anayelea watoto sebuleni kwake bila kibali. Kisheria kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kisajiliwe chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako atakuambia kama jina lake lipo.

Ila mimi ningeanza kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Kakaa hapo muda gani? Nani mwingine analala humo? Wazazi wengi tunamchunguza mama tu, tunamsahau shemeji au mpangaji anayerudi saa nane mchana. Cheti cha tabia njema polisi wanatoa kwa alama za vidole, lakini lazima aombe mwenyewe. Akinuna ukimwambia, nawe umepata jibu.

Halafu mtokee ghafla, saa tano hivi. Mimi kwa mlezi wa mwanangu nilikuta watoto tisa na binti mmoja wa kazi, jiko la mkaa linawaka mlangoni, mwenyewe kaenda sokoni. Wangu nilimbeba palepale, hata nepi sikudai.

Ukihisi ukatili, piga 116, ni bure.