Kwa mwalimu mpya wa awali: kabla hujamwita mtundu

Ukipangiwa darasa la awali, watoto wawili watakuchosha mapema. Mmoja hatulii: anapanda madawati, anagonga wenzake, anatafuna kola ya shati. Mwingine anaziba masikio mvua ikipiga bati, hataki kushika udongo, na uji wenye mabonge anautema. Utakuta wameshapewa majina, huyu mtundu, yule anadeka. Usiyapokee.

Sote tulikaririshwa milango mitano ya fahamu. Iko mingine miwili itakayokufaa zaidi kazini: wa sikio la ndani, unaopima mwendo na msawazo, na wa misuli na viungo, unaomjulisha mtoto mkono wake uko wapi na atumie nguvu kiasi gani. Jean Ayres, Mmarekani mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku), alijenga nadharia yake ya jinsi ubongo unavyopanga taarifa za milango ya fahamu juu ya hiyo miwili pamoja na mguso. Wataalamu bado wanabishana juu ya tiba iliyotokana nayo, lakini darasani mtazamo wake unasaidia.

Asiyetulia mpe kazi nzito: abebe kidumu cha maji hadi bustanini, apange viti, asukume ukuta. Misuli ikifanya kazi, wengi hutulia. Kuzunguka kasi huwachangamsha, kwa hiyo usiweke mchezo huo kabla ya kuandika. Kinachotuliza ni kubembezwa taratibu. Bibi zetu wenye mbeleko walilijua hilo bila semina. Anayeziba masikio mwambie mapema kwamba kengele italia. Udongo aanze kuugusa kwa kijiti.

Darasa lina watoto themanini? Basi wapige makofi na kukanyaga chini wote pamoja kabla ya kushika penseli.

Mtoto akilipuka, kumfokea “nyamaza!” ni kumdai asichonacho. Sehemu ya ubongo inayozuia pupa, nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Chuchumaa, shusha sauti, pumua polepole naye atakufuata. Kumwonya kungoje.

Hali isipobadilika, apimwe kwanza masikio na macho, maana asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kisha mzazi aulizie tiba kwa vitendo hospitali ya mkoa. Wataalamu hao, wanaofunzwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, ni wachache, hivyo mpe mzazi maelezo ya maandishi: mtoto alifanya nini, saa ngapi, na muda mfupi kabla ya hapo kulikuwa na nini.