Miezi 5 si umri wa ukorofi

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanao wa miezi 5 kumng'ang'ania nywele mtoto wa jirani ni ukorofi, na kama uwatenganishe. Usiwatenganishe. Mimi na wifi yangu tulijifungua tukipishana wiki 3, tukakaa nyumba moja Tanga hadi watoto wakatimiza mwaka. Nilichokiona mkekani ndicho nakuambia.

Walianza na kilio. Wangu akilia, wa wifi anadakia, hata kama ametoka kunyonya sasa hivi. Mama mkwe alisema wanaambukizana, na ni kweli. Mwaka 1971 mtafiti Marvin Simner alionyesha kwamba kichanga wa siku chache hulia zaidi akisikia kilio cha kichanga mwenzake kuliko kelele nyingine. Mwaka 1982 Martin na Clark wakaona kwamba akisikia kilio chake mwenyewe kilichorekodiwa, hashtuki kama anavyoshtushwa na cha mwenzake. Niliposoma hilo nilimkumbatia mwanangu. Kumbe hata arobaini hajatoka, tayari anamtambua mwingine!

Miezi 2 hadi 3 walikuwa wanatazamana tu. Mmoja anarusha miguu, anatulia, mwenzake naye anarusha.

Hapo kwenye miezi 5 ndipo mikono ilipoingia, na mdomo. Shavu la mwenzake lilikuwa la kulambwa, nywele za kushikwa. Shika hili: mkono wa umri huo umeshajua kukamata, kuachia bado. Anataka kumjua mwenzake, halafu vidole vinagoma kufunguka, na kwamba anamuumiza hajui. Usimvute, utazing'oa nywele. Pinda kifundo cha mkono wake taratibu kwa ndani, vidole vitalegea vyenyewe, kisha uchukue kiganja hicho hicho umpapase nacho mwenzake. Sisi tulirudia hivyo mara nyingi sana. Na kucha uzikate fupi, maana jicho halina subira.

Ukivumilia, mbele kuna raha. Kwenye miezi 8 walijibizana "ba-ba-ba" chumba hadi chumba. Miezi 10 wangu alimpa mwenzake mwiko, akaunyang'anya, akampa tena, wote wanacheka. Wifi alikuwa anakimbilia kuamua, nikamshika mkono nikamwambia subiri kwanza tuone.

Mmoja akiwa na mafua, hapo ndiyo uwatenge. Siku nyingine watandikie mkeka mmoja, wewe na jirani mkae karibu, mkono ufike.