Uzito unakwenda wapi? Maswali yenu kuhusu majengo ya kale ya Ulaya

Wiki mbili zilizopita niliweka hapa picha mbili, kanisa kuu la Chartres nchini Ufaransa na kuba la kanisa kuu la Florence nchini Italia, nikauliza lipi ni la zamani zaidi. (Ni Chartres, kwa zaidi ya miaka 200.) Waliojibu walikuwa wachache, waliouliza wakawa wengi. Najibu niliyoweza.

Nitajuaje kwa kutazama picha tu kwamba hili ni la Kigothi na lile ni la Renesansi? *Mwanafunzi, Morogoro*

Hii ni mitindo miwili ya ujenzi: Kigothi ni cha zama za kati, Renesansi ni ya kipindi kilichofuata, cha kurudia sanaa ya Warumi wa kale. Anza na matao ya madirisha. Yakichongoka juu kama viganja viwili vilivyokutanishwa kwa sala, hilo ni la Kigothi. Yakiwa nusu duara, tena yamekaa juu ya nguzo zenye vichwa vya kuchonga kama za Warumi wa kale, hilo ni la Renesansi. Halafu jiulize macho yako yanavutwa wapi. Jengo la Kigothi huyapandisha mpaka shingo iume. La Renesansi huyatuliza, kwa sababu kimo na upana vimepimwa vioane.

Kwa miaka, Kigothi kilianzia karibu na Paris, kwenye kanisa la Saint-Denis, ambako sehemu ya altare ilizinduliwa 1144. Renesansi ilianzia Florence miaka ya 1420 hivi. Ila usidhani mmoja alikufa ndipo mwingine akazaliwa. Mwaka 1446 Brunelleschi, baba wa ujenzi wa Renesansi, alifariki Florence. Mwaka huohuo Waingereza waliweka jiwe la msingi la kanisa la King's College pale Cambridge, Kigothi kitupu, na kazi ikaendelea hadi 1515.

Hao Wagothi ni watu gani, na walijifunzia wapi kujenga hivyo? *Msomaji, Kigoma*

Hawakujenga hata moja. Wagothi walikuwa makabila yaliyoiteka Roma mwaka 410, zaidi ya miaka 700 kabla ya Saint-Denis. Jina ni tusi la Waitaliano wa Renesansi, hasa Giorgio Vasari aliyeandika maisha ya wasanii mwaka 1550. Kwake matao yale ya ncha yalikuwa ushamba wa washenzi walioibomoa Roma. Wenyewe waliokuwa wakijenga walisema tu "kazi ya Kifaransa". Tusi likaganda, na leo ndilo jina la heshima.

Kwa nini makanisa hayo yana mikono ya mawe kwa nje, kama nyumba iliyoegemezwa isianguke? Ni mapambo? *Baba wa nyumba, Tabora*

Ingekuwa mapambo, mafundi wangeipunguza kwanza fedha zilipokwisha. Fanya jaribio hili sasa hivi. Chukua kitabu, kifungue katikati, kisimamishe kifudifudi juu ya meza laini kama paa la kibanda. Miguu ya kitabu inateleza kwenda nje. Hakuna aliyekisukuma, ni uzito wake wenyewe. Sasa weka kikombe kizito kila upande, uone kinavyotulia.

Dari la mawe ni hicho kitabu. Linasukuma kuta nje usiku na mchana, halilali. Warumi walijibu kwa kuta nene, na ukuta mnene hauna dirisha la maana. Mafundi wa Kigothi walitoa vikombe nje: wakajenga nguzo nzito pembeni, wakazifikia kwa yale matao yanayopita hewani kama mikono. Kazi ya kuzuia ikatoka kwenye ukuta. Ukuta ukabaki huru, wakautoboa na kuujaza vioo vya rangi. Ndiyo maana ndani ya Chartres mwanga huingia wa bluu na mwekundu badala ya mweupe.

Rudi kwenye kitabu. Kisimamishe wima zaidi, kiwe chembamba na kirefu, kitateleza kidogo kuliko mwanzo. Hilo ndilo tao la ncha. Linasukuma pembeni kidogo kuliko la duara.

Hilo tao la ncha si waliiga kwa Waislamu? *Mwalimu, Pemba*

Lilikuwepo kwa Waislamu kwanza, hilo halina ubishi. Msikiti wa Ibn Tulun pale Cairo, uliokamilika 879, umejaa matao ya ncha, miaka zaidi ya 260 kabla ya Saint-Denis. Christopher Wren, msanifu wa kanisa la St Paul's la London, alisema wazi kwamba mtindo huu ungestahili kuitwa wa Kisaraseni, jina ambalo Wazungu waliwaitia Waislamu. Lilipita njia gani hasa, Sicily, Hispania au vita vya msalaba, wanahistoria bado wanavutana.

Nisichokubaliana nacho ni kule kusema "waliiba, basi". Wafaransa walichukua tao hilo, wakaliunganisha na mbavu za mawe zinazobeba dari na ile mikono ya nje, wakapata kiunzi cha mawe kisicho na haja ya ukuta. Muungano huo ni wao. Na wewe wa Pemba huna haja ya kupanda ndege kwenda Cairo. Matao ya ncha ya matumbawe na chokaa yamesimama Gedi na Kilwa kwa karne nyingi.

Hakuna lililowahi kuanguka? *Fundi, Mbeya*

Swali la fundi hili! Yalianguka, na mabingwa wa kuanguka ni watu wa Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa. Walitaka kuwapita wote. Mwaka 1272 walimaliza dari la mawe lenye kimo cha mita 48 hivi kutoka sakafuni, sawa na ghorofa 16 za siku hizi, ndani tupu. Mwaka 1284 sehemu ya dari ikaporomoka. Wakajenga upya, safari hii wakichomeka nguzo nyingine katikati ya zile za mwanzo.

Ungedhani wamejifunza. Badala ya kumalizia ukumbi wa waumini, wakatumia fedha kusimamisha mnara wa mita 153, ukakamilika 1569. Mwaka 1573, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, mnara ukaanguka, waumini wakiwa wametoka muda mfupi tu kwa maandamano. Ukumbi haujajengwa mpaka leo. Unaingia kanisani, unakuta altare na mabawa yake ya pembeni, kisha ukuta. Mimi nalipenda kuliko mengi yaliyokamilika.

Yale mazimwi yanayochungulia juu ya Notre-Dame ni mashetani? *Mama wa watatu, Moshi*

Mengine ni mifereji ya maji tu. Zimwi linatoa shingo mbali na ukuta ili mvua itemewe huko, isichuruzike ukutani na kula chokaa kati ya mawe. Wale wanaokaa na kushika tama kwenye kadi za posta si wa zama za kati kabisa: waliwekwa karne ya 19, wakati msanifu Viollet-le-Duc alipolikarabati kanisa hilo la Paris. Wanao huenda wanaogopa sanamu zenye umri wa babu wa babu yao tu.

Walijenga haya yote bila ramani? *Mhandisi kijana, Nairobi*

Ramani walikuwa nazo, ila hazikufanana na zako. Kule York na Wells, Uingereza, bado kuna vyumba ambavyo sakafu yake ya plasta ndiyo ilikuwa karatasi. Fundi mkuu alichora tao la dirisha kwa bikari kubwa, kwa ukubwa wake halisi, kisha vipande vikakatiwa vielelezo na kupelekwa kwa wachonga mawe. Mchoro mpya ulichorwa juu ya wa zamani, ndiyo maana sakafu hizo zina mikwaruzo inayopishana kila upande.

Kisa kinachonifurahisha ni cha Cologne, Ujerumani. Kanisa lilianzwa 1248. Katika karne ya 16 kazi ikasimama, na mnara wa kusini ukabaki kisiki, winchi ya mbao ikiwa imeachwa juu yake. Winchi hiyo ilikaa pale karibu miaka 400, ikawa sehemu ya sura ya mji. Mchoro wa uso wa kanisa, wa ngozi, wenye urefu wa mita 4 hivi, ulikuwa umepotea. Mwaka 1814 nusu yake ikapatikana Darmstadt, nusu ya pili ikapatikana Paris baada ya muda mfupi. Kazi ilirejea 1842, wakamaliza 1880 kwa kufuata mchoro wa miaka 600. Minara ina mita 157, na kwa miaka minne hivi hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Kwa hiyo, kijana, usitupe michoro yako.

Nimesoma kwamba kuba la Florence lilijengwa bila mirunda. Mimi ni fundi na sikubali. *Msomaji, Temeke*

Hata wao hawakukubali. Fundi wetu akimwaga zege la ghorofa, chini anasimamisha msitu wa mirunda mpaka likauke. Florence walikuwa na kanisa lililoanzwa 1296, na katikati yake tundu lenye upana wa karibu mita 45, ukingo wake ukiwa zaidi ya mita 50 juu ya ardhi. Mbao za kulijazia hazikupatikana. Vasari anasimulia kwamba mmoja alishauri lijazwe udongo uliochanganywa na sarafu, ili kazi ikiisha watu wauzoe wenyewe kwa tamaa ya sarafu. Tena ile mikono ya nje ya Kigothi walikwisha kuikataa tangu karne ya 14, hawakuipenda.

Mwaka 1418 yakatangazwa mashindano. Filippo Brunelleschi, aliyefunzwa usonara wala si uashi, akasema atalijenga bila kiunzi cha chini. Kazi ikaanza 1420.

Kwanza, makuba ni mawili, moja ndani ya lingine, ili kupunguza uzito. Leo unapanda katikati yake kwa ngazi 463, bega likikwaruza matofali. Pili, kumbuka kitabu chetu. Badala ya kuweka vikombe nje, unaweza kukifunga uzi miguuni kisifunguke. Ndani ya kuta za kuba kuna pete za magogo ya mawe yaliyobanwa kwa chuma, na moja ya mbao, zikilikaza kama pete za chuma za pipa. Tatu, na hapa ndipo mirunda inapokosa kazi, matofali yalipangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki. Tofali lililolala kwenye mteremko, udongo ukiwa mbichi, litateleza. Basi kila baada ya machache yaliyolala, aliweka moja la kusimama linalochomoza hadi mistari ya juu. Yaliyolala yakabanwa kati ya yaliyosimama, kama vitabu kwenye rafu. Mzunguko ukifunga, umejishika wenyewe, unaanza mwingine.

Kupandisha mzigo alibuni mashine ya kuzungushwa na ng'ombe. Kwa mashine za kawaida, ukitaka kushusha kamba unamfungua mnyama na kumgeuza. Yeye aliweka magurudumu mawili ya meno kwenye mhimili mmoja, moja juu, moja chini. Ukikaza skrubu likashika hili, mzigo unapanda. Likashika lile, unashuka, na ng'ombe anazunguka upande uleule. Ni gia ya rivasi, miaka ya 1420.

Kuba lilifungwa 1436. Matofali yanakadiriwa kuzidi milioni 4. Lingali kuba kubwa kuliko yote ya matofali duniani. Bado hukubali?

Je, kuna jengo la Renesansi huku kwetu? *Msomaji, Mombasa*

Unaishi nalo mji mmoja. Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596, na aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitalia wa Milan aliyewatumikia Wareno. (Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanzwa 1873 chini ya Askofu Steere, lina matao ya ncha, lakini hilo ni Kigothi cha kufufuliwa, kilichochanganywa na mtindo wa Kiarabu.) Ukiitazama Fort Jesus kutoka juu, inafanana na mtu aliyelala, kwa kuwa wasanifu wa Renesansi waliamini vipimo bora vimo katika mwili wa binadamu.

Ila pembe zake hazikuchongwa kwa urembo. Mnara wa duara wa zama za kati una mahali mbele yake ambapo mlinzi hamwoni adui aliyejibanza. Waitaliano walioanza kupigwa kwa mizinga waliubadilisha mnara kuwa ngome ya pembe kali inayochomoza. Siku ukienda, simama kwenye mojawapo ya pembe hizo na utazame kando ya ukuta kuelekea ya pili. Hakuna pa kujificha hapo chini.