Z420 inayokwama kwenye 4K: kabla hujaongeza ram angalia kwanza inakwamia wapi

Mkuu nimesoma maelezo yako yote. Una kompyuta ya HP Z420, prosesa Xeon E5-1620, ram 16GB, kadi ya grafiki Quadro K2000, Windows 10, kazi yako harusi na sendoff, na mashine ilikuwa inakimbia vizuri mpaka ulipochukua kamera ya Sony A7 IV inayorekodi 4K, sasa hivi taimulaini inakatakata na kurenda (kutoa video iliyokamilika) kunakula usiku mzima. Fundi kakwambia panda ram mpaka 64GB na weka prosesa kubwa zaidi, na wewe unauliza hiyo milioni moja na nusu uimalizie kwenye hiyo mashine au uongezee uchukue nyingine. Hiyo Z420 nimeifanyia kazi miaka kadhaa pale studio na bado ninayo, kwaiyo naijua vizuri, na naomba usitoe hata shilingi kwanza.

Fanya hivi. Chukua klipu moja mbichi kutoka kwenye kadi ya kamera, usiiwekee rangi wala efekti yoyote, itupe kwenye taimulaini tupu ya Premiere (programu ya kuhariri video), cheza. Pembeni fungua Task Manager, nenda Performance, angalia mistari inavyokwenda. Utakachokiona, nakuhakikishia, ni CPU imepanda juu kabisa mia kwa mia na imeganda huko huko, ram imekula labda nusu, diski iko inapumua tu, alafu bonyeza GPU utafute kile kigrafu kinaitwa Video Decode, kitakuwa kimelala sifuri. Hicho kigrafu kilicholala ndo jibu lako lote. Maana yake hakuna chipu inayokusaidia kufungua ile video, prosesa inaifungua yenyewe fremu moja moja kwa nguvu ya mikono, na ina koa (cores) nne tu za mwaka 2012.

Na usidhani ni diski. 4K ya A7 IV ya 25p (fremu 25 kwa sekunde) kwenye XAVC S, yaani muundo wa Sony unaobana video kwa H.264, ikiwa 10-bit ni 140 Mbps, ukigawa kwa 8 unapata kama megabaiti 17 na nusu kwa sekunde, hadi diski ya kawaida ya mzunguko inasoma zaidi ya 100. Faili linafika haraka kabisa, shida ni kulifungua. Ile video imebanwa sana, na ni 4:2:2 10-bit, yaani inabeba taarifa nyingi zaidi za rangi, aina ambayo kadi nyingi za grafiki hazina uwezo wa kuifungua. Hapa ndo watu wengi wanapopigwa hela, unamwambia mtu video inakwama anakuuzia RTX 3060, kadi nzuri tu, lakini Nvidia za 30 na hata za 40 hazifungui 4:2:2, mpaka zilipokuja RTX 50 mwaka 2025. Wakati huo huo prosesa za Intel za kawaida kuanzia kizazi cha 11 zenye grafiki ya ndani zinafungua HEVC (H.265, namna mpya zaidi ya kubana video) ya 4:2:2 10-bit bila jasho, bila kadi yoyote. Xeon yako haina grafiki ya ndani kabisa.

Sasa tuje kwenye ushauri wa fundi wako. Simlaumu, kwa kazi nyingine angekuwa sahihi. Ila 64GB kwenye mashine ambayo 16 haijajaa haitakuongezea kitu kwenye kukwama huko. Alafu Z420 inachagua sana ram, inataka DDR3 isiyo rejista, zile za seva zenye rejista ambazo zimejaa mtaani kwa bei ya kutupa haiwaki nazo, wengi wamezinunua wakarudi nazo dukani wanagombana. Na prosesa nayo ina mtego wake, ukiingia kwenye bayosi pale System Information kuna tarehe ya boot block (sehemu ya bayosi inayoanza kuwasha mashine), ikiandikwa 2011 hiyo mazabodi inapokea Xeon za toleo la kwanza (v1) peke yake, ikiwa 2013 ndo inapokea la pili (v2). Kubadilisha bayosi hakubadilishi hiyo tarehe. Lakini tuseme yako ni 2013, umeweka v2 ya koa nane au kumi, kurenda kutapungua kweli, ila v1 na v2 zote hazina AVX2 (amri za hesabu zilizokuja kwenye prosesa za baadae), na Premiere za karibuni zinadai AVX2 kwenye mahitaji yake. Yaani unalipia prosesa ambayo itakuacha umefungwa kwenye toleo la zamani la softiwea milele, na K2000 nayo ni ya kizazi cha zamani kinachoitwa Kepler, Nvidia walishaacha kuitolea draiva mpya.

Mimi nina kanuni moja ninayoifuata kwenye mashine ya kazi: kwenye kompyuta inayozeeka naongeza kile tu ambacho siku ya kuhama kitahama na mimi. SSD inahama. Skrini nzuri inahama. UPS inahama, na kwa umeme wetu huu UPS ni lazima sio anasa. Kadi ya grafiki inahama mara nyingi, japo kwenye masanduku madogo ya ofisini haiingii au pawasaplai haina waya wake, kwaiyo pima kwanza. Ram ya DDR3, Xeon ya LGA 2011, pawasaplai ya HP yenye umbo lake, hivyo havihami, vinakufa na sanduku. Kila shilingi inayoingia huko ihesabu imeliwa, na uiingize tu kama itakulipa kabla mashine haijaondoka.

Ndivyo nilivyofanya na ya kwangu na sijutii hata kidogo. Enzi hizo nilikuwa napiga 1080p na picha nyingi, faili za H.264 za kawaida 8-bit. Nilipopima, kilichokuwa kinakwama ni diski na ram kweli, Lightroom ikifungua albamu ya harusi unaenda kuchemsha chai unarudi bado inahangaika. Nikaweka SSD (kwenye Z420 milango ya SATA ya 6Gb/s ni miwili tu, mingine ni 3Gb/s, hakikisha SSD iko kwenye ule wa kasi maana nimekuta mashine kibao za watu wamechomeka popote), nikafikisha ram 32 kwa vipande vinne vinavyofanana maana inasoma njia nne kwa pamoja, nikapachika GTX 1060 ya 6GB ambayo inakula wati 120 tu na waya mmoja wa pini 6 unatosha. Nikasafisha vumbi, nikabadilisha pesti ya prosesa iliyokuwa imekauka kama chokaa, nikaweka betri mpya ya CR2032 maana tarehe ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukikatika. Mashine ikawa mpya. Ilinilipia kodi ya fremu miaka kadhaa, na mtu akinitajia Z420 leo kwa kazi ya picha, kwa matangazo ya Photoshop, kwa ofisi ya stationery yenye CorelDRAW, bado namwambia itunze.

Wewe hali yako ni nyingine kabisa kwa sababu ya ile kamera, sio kwa sababu mashine imezeeka. Hili nataka ulishike maana watu wanaangalia umri wa kompyuta wakati cha kuangalia ni kazi imebadilika au haijabadilika.

Najua kuna mtu atakuja kusema weka RTX 50 humo humo, inafungua 4:2:2, imeisha hiyo. Sitakushauri. Utakuwa na kadi ya 2025 kwenye mashine ya 2012, prosesa ni ile ile isiyo na AVX2, pawasaplai inatoa pini 6 wakati kadi inaomba pini 8, unaanza kutafuta adapta, na Windows nayo inakusukuma. Windows 10 iliisha rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Z420 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kuna njia ya kuruka ukaguzi ukaingiza 11 kwa lazima, inawaka na inafanya kazi, mimi yangu ya akiba iko hivyo, lakini kompyuta inayobeba harusi ya mtu ambayo hairudiwi sitaki iwe kwenye njia ya kuruka ukuta.

Kwaiyo kwa msimu huu ulionao kazini tayari, usinunue, tengeneza proksi. Premiere inakutengenezea kopi nyepesi za klipu zote, unaziacha usiku zinajitengeneza, asubuhi unakata kwa raha, ukiekspoti inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Zitakula nafasi na muda ila zitakufikisha. Au kwa zile kazi ambazo mteja hajali sana rangi, ingia kwenye menyu ya kamera ukarekodi XAVC S 4:2:0 8-bit ambayo ni 100 Mbps, kadi ya kawaida yoyote ya miaka ya karibuni inaifungua hiyo. Kama unapiga S-Log (picha iliyofifishwa ili uitie rangi baadae) usifanye hivyo, 8-bit na log ngozi zinaharibika, utaona mistari kwenye ukuta wa ukumbi na kwenye gauni la bibi harusi.

Alafu ukishakusanya, hama. Sio lazima iwe mpya ya boksi. Tafuta desktop ya ofisini iliyotumika, zile zinazoingia kutoka Dubai, tawa ya ukubwa wa kawaida, yenye Core i5 au i7 ya kizazi cha 12. Na hapa sikiliza vizuri maana hapa hela inapotea kimya kimya. Ukikuta prosesa ina herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, achana nayo kwa kazi yako, F maana yake grafiki ya ndani haipo na ndo hiyo unayoifuata. Kati ya 12400 na 12500 bei mara nyingi zinakaribiana ila 12500 ina UHD 770 yenye injini mbili za video, 12400 ina UHD 730 yenye moja. Wauzaji wengi hawajui tofauti hiyo, kwao zote ni "kor ai faivu twelvu jen". Na kizazi cha 10 usikubali hata wakuambie ni ile ile, kwenye 4:2:2 sio ile ile, kuna modeli za ofisini sanduku moja zilitoka na vizazi viwili tofauti, kwaiyo usisome kibandiko cha nje, iwashe usome jina la prosesa kwenye Windows.

Ukiwa dukani pale Kariakoo usione aibu kumwambia muuzaji akae subira. Nenda na flashi yenye klipu yako mwenyewe ya A7 IV uliyorekodi kwa XAVC HS (sababu nakupa chini), icheze pale pale, fungua Task Manager, kile kigrafu cha Video Decode kikinyanyuka na CPU ikabaki chini unajua umefika. Ingia bayosi uone haijafungwa na pasiwedi ya kampuni ilikotoka, hiyo ni shida kubwa kuitoa. Angalia SSD imetumika saa ngapi kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ram uliza ni vipande vingapi na nafasi ngapi zimebaki, maana bei za DDR4 na DDR5 zilipanda vibaya kuanzia mwishoni mwa 2025, bora kulipa kidogo zaidi upate yenye 32 tayari kuliko kuchukua ya 8 ukidhani utaongeza baadae.

Kitu kimoja watu hawakitaji, ukishahama nenda kabadilishe na kamera pia. Intel hizo zinafungua HEVC ya 4:2:2, ila H.264 ya 4:2:2 10-bit hazifungui, yaani XAVC S ya 10-bit itaendelea kukutesa hata kwenye mashine mpya na utarudi hapa kulia. Weka XAVC HS, ambayo ndo HEVC yenyewe. Ila kama kamera yako iko PAL (mfumo wa fremu 25 na 50 kwa sekunde) utakuta XAVC HS ya 4K haina 25p, inaanzia 50p, kwaiyo pangilia na mwenzako anayepiga kamera ya pili kabla ya siku ya kazi msije mkachanganya.

Kuhusu umeme kwa sababu umeugusia, hesabu sio kubwa kama watu wanavyosema. Tuseme mpya inakula wati 120 pungufu kuliko Z420 na unafanya kazi saa 10 kwa siku, unaokoa uniti 1.2 kwa siku, kwa mwezi wa siku 26 ni uniti 31, kwa LUKU ya kawaida ya kama shilingi 356 kwa uniti ni elfu kumi na moja hivi. Ni hela ya vocha, isikufanye uhame.

Na hiyo Z420 usiiuze. Watakupa hela ya kukuumiza roho tu, wakati lile sanduku lina nafasi za diski za kutosha na ram yake ya ECC inasahihisha makosa yenyewe. Mimi yangu iko kwenye kona ya ofisi imeunganishwa kwa waya wa netiweki, inabeba kopi za kazi zote za zamani, na mteja akirudi baada ya miaka miwili akasema flashi imepotea namtolea harusi yake saa hiyo hiyo na analipia. K2000 iache humo humo, kwa kazi hiyo inatosha kabisa.

Niambie boot block yako ni ya mwaka gani na hizo klipu zimerekodiwa kwenye XAVC ipi, S au HS, nikuelekeze mpangilio wa proksi wa kumalizia hizo harusi ulizonazo mezani.