Mti unaoegemea paa: kagua shina kabla ya kukata

Pole dada. Mti mkongwe umeegemea paa, na fundi anataka kukata kilele chote ili "uwe mwepesi". Tafadhali usikubali. Mti uliokatwa kilele hutoa machipukizi mengi yaliyoshika juu juu tu. Yakishanenepa ndiyo yanayovunjika kwa upepo, huku uozo ukiingia shinani kupitia kidonda.

Anzia chini. Tazama kama udongo umeinuka au kupasuka upande wa pili wa mwinamo, kama uyoga umeota kwenye kitako cha shina, au kama kuna ufa kwenye panda za matawi makubwa. Ukiona kimojawapo, hasa ikiwa mti umeanza kuinama karibuni, muite mtaalamu wa miti upesi. Mti ukiwa mzima, punguza matawi yanayoelekea paa tu, yasizidi robo ya majani yote. Msumeno upite nje kidogo ya ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi, maana hapo ndipo kidonda hujifunga.

Ikibidi kuuondoa, kiwanja kidogo hakiruhusu kuuangusha mzima: hushushwa vipande vipande kwa kamba, kuanzia juu. Ulizia kibali, na bima ya fundi uione kwa maandishi. Kama nyaya za umeme zimepita karibu, mtu asipande kabla shirika la umeme halijazima laini.