Maswali yenu: sanamu za uraibu

Nataka kuunda mwili wa mtu kwa mabomba ya sindano. Niokote maskani kwa mateja (watumiaji wa dawa za kulevya)? (Kigogo)

Usiokote, hata ukiwa na glovu. Sindano inapenya glovu, na damu iliyobaki ndani ya bomba inaweza kubeba VVU au homa ya ini. Nunua mapya duka la dawa, ya mililita 5, uache sindano zake pembeni. Kupata ule uchakavu, vuta ndani rangi ya maji ya kahawia iliyozimuliwa, itoe, chomoa pistoni, acha bomba likauke. Ukichomwa na sindano ya mtaani, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, wahi hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72.

Nilibandika mabomba kwenye bati kwa gundi ya epoksi, yote yamedondoka.

Bomba ni polipropilini, aina ya plastiki, na gundi hiyo haiishiki vizuri, hata ukipiga msasa. Toboa tundu la milimita 2 kwenye kila sikio la bomba (kibawa cha kushikia vidole), pitisha waya wa mabati, sokota kwa plaizi nyuma ya bati. Usikaze mno. Jua la Dar hutanua plastiki kuliko bati, na sikio lililobanwa hupasuka. Waya wa kufungia nondo uwe wa kazi za ndani tu. Nje, upepo wa bahari unauozesha upesi.

Nina viroba (vifuko vya plastiki vya pombe kali) vya kabla ya marufuku ya 2017. Nivibandike kwa gundi?

Hapana, vishone kwa uzi wa nailoni.

Rafiki yangu anatumia unga (heroini), nataka kuchukua umbo la mkono wake kwa plasta.

Muombe akiwa ametulia, si akiwa na arosto (maumivu ya kukosa unga). Akiwa na arosto atakubali chochote ukimwonyesha noti, na hiyo si ridhaa. Usizamishe mkono kwenye ndoo: plasta ikiganda hutoa joto la kuunguza. Paka vaselini, zungusha bandeji za plasta tabaka 3 au 4, mwache achezeshe vidole mapema ili avitoe. Ruka sehemu yenye kidonda au jipu. Chale na tatuu usizionyeshe, zinamtambulisha mtaani kwake. Akiuliza kuhusu kuacha, mwambie hospitali ya Muhimbili wanatoa methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu 2011. Kazi ikiisha aione yeye kwanza, akikataa, usiionyeshe.